Faili la baiti 0 baada ya umeme kukatika

Programu nyingi huhifadhi faili kwa njia ya mkato: hufungua lile lile la zamani, hufuta yaliyomo, kisha huandika upya. Umeme ukikatika katikati, huna la zamani wala jipya. Jina lipo, ukubwa ni baiti 0.

Hatari haiishi write(), amri ya kuandika, inaporudi salama. Data hapo imefika kwenye RAM tu, mikononi mwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na kwa mipangilio ya kawaida Linux huweza kuiacha humo sekunde 30 hivi kabla ya kuanza kuipeleka diskini. Kufunga faili kwa close() hakuiharakishi.

Mimi huandika toleo jipya kwenye faili la muda, ndani ya saraka ile ile ya faili halisi. Si /tmp, saraka ya mafaili ya muda: mara nyingi huo ni mfumo mwingine wa mafaili, na rename(), amri ya kubadili jina la faili, itagoma kwa kosa la EXDEV. Hakikisha write() imepokea baiti zote, kwani inaruhusiwa kupokea pungufu. Kisha ita fsync(), amri inayoagiza kerneli ipeleke data diskini, kwa faili la muda, libadili jina kwa rename() juu ya la zamani, na mwisho uite fsync() kwa saraka yenyewe, maana jina la faili hukaa kwenye saraka.

fsync() ya kwanza ndiyo inayorukwa sana. Ni kweli kwamba anayesoma wakati wa rename() ataona la zamani au jipya, kamwe si nusu nusu, lakini hiyo ni ahadi kwa mashine iliyo hai. ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, huchelewa kutenga bloku (vipande vya nafasi) za diski, hivyo jina jipya laweza kutangulia data yake. Mwaka 2009 malalamiko ya mafaili matupu yalizagaa, na Linux 2.6.30 ikaja na tahadhari: rename() ikifunika faili lililopo, ext4 hutenga bloku mapema. Ni hisani ya ext4. Usijengee programu yako juu yake.

Na fsync() ikirudisha EIO, kosa la kusoma au kuandika? Usiiite tena ukitarajia nafuu. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walibaini kuwa Linux, ikishindwa kuandika kurasa (vipande vya data vilivyo kwenye RAM), huweza kuzihesabu kuwa safi. Fsync() ya pili inarudi salama ilhali data haimo diskini. PostgreSQL sasa hujiangusha makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za WAL, yaani mabadiliko yaliyoandikwa kabla ya data yenyewe. Programu ndogo isiguse faili la zamani: ifute la muda, imwambie mtumiaji wazi, impe nafasi ya kuhifadhi kwenye diski nyingine.

Kwenye macOS, fsync() haiilazimishi diski kumwaga akiba yake ya ndani. Tumia fcntl() na F_FULLFSYNC, ingawa ni ya polepole.

Njia hii ina gharama zake. Faili jipya halirithi ruhusa za la zamani, kwa hiyo zinakili kwa fchmod() kabla ya rename(). Kama jina ni kiungo cha ishara, rename() itafuta kiungo chenyewe. Tafuta kwanza njia halisi kwa realpath(). Na faili lenye majina mawili ya kudumu, yaani viungo vigumu, litagawanyika: jina moja litapata toleo jipya, la pili litabaki na la zamani.