Chakula kina protini 20% na broila hawakui: kuhusu laisini na methionini

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka, sasa naliandika niwe naituma tu link. "Mtaalamu, chakula changu kina protini asilimia 20, laisini ya nini tena?" Halafu ukiuliza, broila wana wiki 5 na kilo moja na nusu hawajafika, manyoya hayaeleweki, wanadonoana.

Jamani, kuku anachohitaji ni amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, na zile asizoweza kujitengenezea mwilini, kama laisini na methionini, lazima azile. Hiyo asilimia mnayoishikilia maabara wanaipata kwa kupima nitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, basi, haiwaambii protini ni ya aina gani. Hata urea inaipandisha, ndo maana wachakachuaji wanaipenda.

Chukua kalamu. Mahindi yana laisini kama 0.25%, mashudu ya alizeti kama 1%, mashudu ya soya kama 2.8%. Changanya nusu mahindi nusu alizeti yenye protini 30%: unapata protini kama 19%, inapendeza kwenye karatasi, ila laisini ni kama 0.63% tu. Sasa fanya mahindi kilo 65 na mashudu ya soya kilo 35, protini inakuja kama 21% na laisini inapita 1.1%. Protini zimepishana kidogo sana, laisini karibu mara mbili! Na kifaranga wa stata (chakula cha wiki za mwanzo) anataka zaidi ya hapo, kama 1.3%. Na usinijibu kwamba utamwaga laisini ya unga ya dukani kwenye ile alizeti yako yaishe, maana ina nyuzinyuzi nyingi na nishati ndogo, hilo pengo unga wa laisini peke yake hauzibi.

Laisini ikishaisha kuku anaacha kujenga nyama hapohapo, hata kama amino asidi zingine zimejaa, kwa sababu hana pa kuzitunza, anazivunja na nitrojeni inatoka kwenye kinyesi. Kwa hiyo ukirundika mashudu ya alizeti ili "kupandisha protini" unainunua kwa hela yako halafu unaipata bandani kama amonia, macho yanawasha, maranda yamelowa, miguu ina vidonda.

Na wewe wa soya usitulie. Soya ina laisini nzuri ila methionini ni kidogo, kwenye mahindi na soya hiyo ndo inapunguka ya kwanza, na manyoya yanategemea hiyo pamoja na sisteini, amino asidi nyingine. Ndo maana tunaweka laisini na methionini za unga, zote mbili. Sasa maneno ninayoyasikia kila siku:

"Ni homoni za kunenepesha." Hapana. Laisini inatengenezwa na bakteria kwa kuchachusha sukari, methionini inatengenezwa kiwandani, na mwili wa kuku unazitumia sawa na zile zilizomo kwenye dagaa. Broila anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula.

"Nina premiksi, inatosha." Soma lebo! Nyingi ni vitamini na madini, amino asidi hakuna au ni kidogo sana.

"Dagaa wanamaliza kila kitu." Dagaa safi ni wazuri kweli, ila wa sokoni wamejaa mchanga na chumvi, na ukiwazidisha nyama inanuka samaki, mteja harudi.

"Nikizidisha watakua haraka." Hii ni hatari, methionini ikizidi sana ni sumu, kuku anapunguza kula na anadumaa. Laisini nayo ikizidi inavuruga arjinini, amino asidi nyingine anayoihitaji. Kwa chakula cha mahindi na soya kawaida ni gramu 100 mpaka 300 za kila moja kwa kilo 100, kamili inategemea fomula yako, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Na naomba, nunueni mzani wa gramu, ule mdogo wa jikoni! Mtu anapima laisini kwa kiganja au kifuniko cha soda halafu ananiuliza mbona kuku hawalingani. Pima, changanya kwanza na kilo 2 za mahindi yaliyosagwa mpaka usione rangi tofauti, ongeza kilo 10, changanya tena, ndo umwage kwenye chakula chote. Ukirusha gramu 200 juu ya kilo 100 na kugeuza na koleo mara tatu, kuna kuku watakula unga mtupu na wengine hawataupata kabisa.