Je, wajua kwa nini kompyuta iliyochomekwa waya hujipa anwani ya 169.254?

Simu zote nyumbani zinapata intaneti kwa waifai bila shida. Unachukua waya wa LAN, unauchomeka kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya mezani, taa ya kijani pale tunduni inawaka, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Wengi hapo hukimbilia dukani kununua waya mwingine. Kabla hujatoa hela, tazama namba moja.

Kwenye Windows andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi litakalojitokeza, kisha andika ipconfig. Kama kwenye mstari wa IPv4 kuna namba inayoanza na 169.254, umeshapata nusu ya jibu, na mara nyingi jibu hilo linauondolea waya lawama.

Kompyuta haizaliwi na anwani ya mtandao. Kila inapounganishwa huomba, kwa utaratibu uitwao DHCP ambao kanuni zake za msingi zinazotumika hadi leo zilichapishwa mwaka 1997. Inatangaza kwenye mtandao mzima: nani hapa anagawa anwani? Ruta inajibu kwa kupendekeza moja, tuseme 192.168.1.23. Kompyuta inasema naichukua, ruta inathibitisha, na yote huchukua muda mfupi tu. Anwani yenyewe ni ya kuazimwa kwa muda maalumu, na huja pamoja na maelezo ya mlango wa kutokea kwenda intaneti.

Je, kompyuta ikiuliza na asijibu mtu? Tangu Windows 98, haikai mikono mitupu. Inachagua namba yoyote kati ya 169.254.1.0 na 169.254.254.255, inawauliza majirani kama yupo anayeitumia, na ikisikia kimya inajimilikisha. Mwaka 2005 wahandisi wa Apple, Microsoft na Sun waliandika kanuni rasmi za jambo hili, RFC 3927, na humo ruta zimekatazwa kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, za anwani hizo kwenda mtandao mwingine. Ndiyo maana huoni intaneti hata ungesubiri hadi kesho.

Sasa angalia hapa. Waya ungekuwa umekufa kabisa, Windows ingekuambia tu kwamba hakuna kilichounganishwa, na namba hiyo usingeiona. 169.254 maana yake umeme unapita kati ya kompyuta na kifaa kilicho upande wa pili, ila mgawaji wa anwani hasikiki. Kwa hiyo msake mgawaji.

Anza na tundu ulilochomeka. Nyuma ya ruta nyingi kuna tundu moja lililotengwa, pengine kwa rangi tofauti, lililoandikwa WAN au Internet. Hilo ni la kupokelea intaneti kutoka nje, nalo kwa kawaida huomba anwani badala ya kutoa. Ukichomeka kompyuta hapo, unakuwa na waombaji wawili wanaotazamana. Hamia kwenye matundu ya LAN.

Kama katikati kuna swichi, yaani kisanduku cha kuunganishia vifaa kadhaa kwa waya, ile taa ya kijani inaweza kukudanganya. Inashuhudia kifaa cha jirani tu. Swichi ikiwa na umeme, taa ya kompyuta itawaka hata kama waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta umechomoka nyuma ya kabati. Fuata waya kwa mkono mpaka uione ruta yenyewe. Usiridhike na taa.

Kuna kisa kingine tunachokijua sana huku kwetu, cha umeme kukatika. Umeme ukirudi, kompyuta na swichi huweza kuwahi kuamka huku ruta ikiwa bado inajipanga. Kompyuta inaomba, inakosa, inajipa 169.254. Windows hurudia kuomba kila baada ya dakika 5 hivi, kwa hiyo ukiwa na subira huenda mambo yakajirekebisha yenyewe. Ukiwa huna, andika ipconfig /renew, au chomoa waya na kuurudisha ruta ikishatulia. Runinga na dekoda ambazo hazina dirisha la amri, zizime na kuziwasha. Nadhani nusu ya “matatizo ya waya” yanayoitiwa fundi yangeishia hapa.

Penye watu wengi, kama hosteli au mgahawa, anwani zinaweza kwisha. Ruta iliyopangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 ina anwani 50 tu, na simu ya mgeni aliyeondoka asubuhi inaweza kuendelea kuhesabiwa mpaka muda wa kuazima uishe. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, ongeza idadi au punguza muda.

Waya nao hauna kinga. Ndani yake kuna nyaya ndogo 8, jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji jozi 2 tu, ya 1,000 inahitaji zote 4. Plagi iliyobanwa vibaya huweza kupitisha ishara ya kuwasha taa huku pakiti zikipotea njiani, au ikakushusha kutoka 1,000 hadi 100 bila kukuambia. Ukishajaribu yote yaliyotangulia, azima waya unaofanya kazi kwingine, upime nao.

Kama badala yake umepata 192.168.1.23 na bado kurasa hazifunguki, hiyo ni kesi nyingine. Kwenye lile dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8, amri inayoiuliza seva ya Google kama inakusikia. Majibu yakirudi, njia ipo na tatizo huenda ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Yasiporudi, jaribu ping 192.168.1.1, au anwani yoyote ya ruta yako, uone kama mkwamo uko ndani ya nyumba au kwa kampuni inayokuuzia intaneti.

Na 169.254 ina kazi yake halali. Unganisha laptopu mbili kwa waya mmoja, bila ruta wala bando, kila moja itajipa anwani yake, na ukiruhusu kushiriki mafaili unaweza kuhamisha picha zote za harusi kutoka moja kwenda nyingine.