Kabla hamjashuka korongo la Namibia, njooni kwanza kwenye mawe ya Masasi

Wiki mbili zilizopita vijana sita wa hapa Masasi walikuja kutuuliza sisi watu wa uokoaji, wamechanga hela mwaka mzima wanataka kwenda Namibia kutembea Fish River Canyon, lile korongo kubwa la jangwani, walale hukohuko chini bila hema, halafu wakitoka hapo wapitie Spitzkoppe kupanda mwamba. Nikawaambia sawa, fungueni mabegi tuone. Begi la kwanza likatoa spika ya bluetuthi, pawabenki mbili, sendozi na chupa ya maji ya nusu lita. Nilicheka, ila baadaye nikaona bora niandike na wengine wasome.

Korongo lenyewe lina urefu wa kama kilomita 160, na kina chake kuna sehemu kinafika mita 550. Njia ya kutembea ni kama kilomita 85, watu wengi wanatumia siku nne mpaka tano wanatokea Ai-Ais kwenye chemchemi za maji moto. Inafunguliwa Mei mpaka katikati ya Septemba tu, kiangazi chao wanafunga kwa sababu ya joto na mafuriko, na huruhusiwi kushuka kama hamjafika watu watatu au huna cheti cha daktari. Watu wanaona ni usumbufu, mi naona wako sahihi kabisa, maana mlimani ukichoka unageuza unashuka, korongoni ukichoka ndo kwanza kupanda kunakusubiri, na mtandao wa simu huko chini usahau.

Sasa jambo linalowapoteza watu wa pwani kama sisi ni jasho. Mtwara ukitembea saa sita mchana shati linalowa, linakung'ang'ania mgongoni, kwahiyo mwili wenyewe unakwambia kunywa maji. Jangwani hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona uko freshi kumbe maji yanakuisha, utakuja kugundua shati lina mistari myeupe ya chumvi na kichwa kinagonga. Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, na hizo ni kilo nne begani kabla hujaweka hata sufuria. Ya mtoni unachemsha au unatia dawa, na mwishoni mwa msimu madimbwi yanapungua. Halafu usinywe maji matupu kutwa nzima bila kula chumvi, damu ikipungukiwa chumvi mtu anachanganyikiwa na kutapika, wenzake wanadhani ni kiu wanamuongezea maji, ndo wanammaliza. Hapa sisi tumebarikiwa, korosho za kukaanga zenye chumvi ni chakula cha safari hasa, nyepesi, zinashibisha, haziozi. Walinzi wa Grand Canyon kule Marekani wanawashauri watu kiangazi wasitembee kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, fuateni hiyohiyo, mchana tafuteni kivuli mlale. Na sweta mbebe, jangwa la usiku mwezi wa saba lina baridi ambayo Mtwara hatuijui.

Kingine ni maji yanayokuja bila mvua. Tarehe 12 Agosti 1997 kule Antelope Canyon, Arizona, watalii 11 walikufa ndani ya korongo jembamba, na mvua iliyowaua ilinyesha mbali huko juu, sio pale walipokuwa wamesimama. Sisi hili tunalijua, nani hajaona mto mkavu unashuka na magogo wakati kijijini jua linawaka? Kwahiyo usitandike kwenye mchanga laini wa katikati ya mto hata kama ndo unavutia kulala, angalia majani na vijiti vilivyonasa kwenye miti na mawe, pale ndo maji yalifika safari iliyopita, lala juu ya hapo. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au unasikia muungurumo kama lori linakuja, acha begi, panda.

Kwenye kupanda mwamba ndo nilibishana nao sana. Spitzkoppe ni granaiti, kilele chake kiko mita 1,728 juu ya usawa wa bahari, ni mlima umesimama peke yake kwenye tambarare kama haya mawe yetu. Hata neno inselberg, yaani mlima kisiwa, aliyeliingiza kwenye jiolojia ni Mjerumani Wilhelm Bornhardt baada ya kuzunguka nchi hii miaka ya 1890. Basi kwanini mkajifunzie ugenini? Mmoja akanionyesha kamba yao, manila ya kufungia mzigo kwenye fuso, eti ni nene. Unene sio hoja, kamba ya kupandia inatakiwa ivutike kidogo ukianguka ili imeze ule mshtuko, hiyo ya mzigo haivutiki, mshtuko wote unaishia kiunoni kwako. Helmeti ya bodaboda nayo haihusiki. Na huku kwetu kabla hujagusa mwamba muulize mwenyekiti wa kijiji, kuna mawe ya matambiko, na kuna mengine nyuki wamejaa kwenye nyufa, ukiwa unaning'inia nyuki wakatoka huna pa kukimbilia.

Choo mnachimba shimo la shubiri moja mbali na maji, karatasi mnarudi nazo. Viatu asubuhi kung'uta, nge wanapenda kujificha humo.

Mwisho nikawauliza nani nyumbani anajua mnarudi lini, kimya. Aprili 2003 Aron Ralston aliingia peke yake Bluejohn Canyon huko Utah bila kumwambia mtu, jiwe likambana mkono, akakaa siku tano hakuna anayemtafuta, mpaka akajikata mkono mwenyewe akatoka. Wakatazamana. Yule wa spika akachukua kalamu akaanza kuandika namba ya mama yake.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana chini ya mwamba, kila mtu na lita zake nne begani. Spika nimeshaichukua, ipo kwenye droo yangu.