Fulana Haihudhurii Mkutano

Kazi yangu ni kubuni kampeni za kuhamasisha wananchi. Wiki iliyopita alinijia mteja kutoka asasi moja ya hapa Tanga, andiko la mradi mkononi, fedha za mfadhili zimeshaingia. Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: "Wananchi hawana uelewa wa umuhimu wa kushiriki katika siasa na maamuzi." Nikalifunga lile andiko, nikamwagizia chai. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka imenichosha. Hubadilika jina la wilaya tu, leo Tanga, kesho Muheza, keshokutwa Pangani. Na andiko likianza hivyo, bajeti yake unaweza kuikisia bila kuifungua: fulana, kofia, vipeperushi, gari la matangazo na semina ya siku mbili hotelini.

Dhana: Watu hawashiriki kwa sababu hawana uelewa

Twende Ngamiani, hapa mjini Tanga, asubuhi, barabara yoyote katika zile zenye namba, ukae na wauza mbaazi na mahamri. Waulize mtaro uliojaa taka ni wa nani. Watakwambia barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, taka ni kazi ya halmashauri ya jiji, mwenyekiti wa mtaa alishaambiwa, na diwani alipita mara ya mwisho akiomba kura. Hapo unamwelimisha nani? Mama mmoja aliniuliza jambo ambalo maandiko yote niliyowahi kusoma hayajaligusa: "Mkutano wanauita saa nne asubuhi, siku ya kazi. Hii meza nimwachie nani, baba?"

Kizuizi ndicho hicho. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, mahali asipokwenda mtu ila akitaka barua ya utambulisho. Saa imepangwa na mwenye mshahara. Na yule aliyewahi kwenda akauliza mapato na matumizi, aliambiwa yatasomwa kikao kijacho, na kikao kijacho hakikuitishwa. Mtu huyo uelewa anao. Tena anakumbuka vizuri kuliko wewe.

Wapo waliolipima jambo hili. Nchini Kenya, watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walifuatilia wazazi ambao watoto wao walipimwa kusoma na kuhesabu katika zoezi liitwalo Uwezo. Wazazi walipewa matokeo ya watoto wao pamoja na maelezo ya hatua wanazoweza kuchukua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona badiliko la maana katika jinsi walivyofuatilia elimu ya watoto au kuwajibisha shule. Hiyo ilikuwa taarifa ya mtoto wa kumzaa. Sasa wewe na kipeperushi chako cha Ibara ya 21 ya Katiba unategemea nini? (Ibara yenyewe naipenda sana, inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Lakini haijawahi kumshikia mtu meza.)

Kinachomtoa mtu nyumbani ni kuombwa na mtu. Mwaka 1998 watafiti wa siasa Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio mjini New Haven, Marekani, kwa wapiga kura wapatao 30,000. Waliogongewa mlango na kuzungumzishwa ana kwa ana walijitokeza zaidi, barua zilisaidia kidogo, simu za kusomewa maneno hazikusaidia kitu. Najua New Haven si Makorora ya hapa Tanga, lakini hili hatukuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Harusi hapa kwetu nani anaialika kwa gari la matangazo? Hutumwa mtu apite nyumba kwa nyumba, na asiyefikiwa hununa mwaka mzima. Kwa nini mkutano wa mtaa ualikwe kwa heshima ndogo kuliko harusi?

Kwa hiyo kampeni ninayokubali kuibuni huanza na tendo moja, siku moja, mahali pamoja. "Shiriki katika maendeleo" si tendo. "Njoo Jumamosi baada ya alasiri, uwanja wa shule, tuulize fedha za mtaro" ni tendo. Kisha natafuta waalikaji kumi wa mtaa huohuo, kila mmoja na majirani zake anaowajua kwa majina. Na mwalikaji asiishie kusema "karibu". Aulize: utatokea wapi, utakuja na nani, meza atabaki nayo nani? Watafiti David Nickerson na Todd Rogers waliyajaribu maswali ya namna hii huko Pennsylvania mwaka 2008. Simu zilizomtaka mtu apange atakavyokwenda kupiga kura ziliongeza waliojitokeza, hasa katika nyumba zenye mpiga kura mmoja. Zile za kuhimiza tu hazikufua dafu.

Nusu nyingine ya kazi iko ofisini, na hii wafadhili hawapendi kuilipia kwa sababu haina picha. Mwenyekiti na mtendaji wakubali kuhamisha saa, na waje na karatasi ya mapato na matumizi. Ukiwaleta watu mia mbili mbele ya meza isiyo na karatasi, umewafundisha wasirudi.

Dhana: Tuwaaibishe watajitokeza

Nimewahi kuletewa rasimu ya bango: "Vijana wa Tanga, mbona hamshiriki?" Mchoro mzuri, rangi safi. Nikakataa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu bango lililolalamika kwamba wageni wengi wameondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Wizi ukaongezeka. Bango lilikuwa limewaambia watu kwamba kila mtu anaiba. Lako linawaambia vijana kwamba hakuna aendaye, na hakuna kijana anayetaka kuwa zuzu peke yake kwenye kiti cha plastiki. Weka picha ya mkutano uliojaa.

Dhana: Bila posho hawaji

Hawaji kwenye mkutano wako, na wana haki. Ukimtoa mtu kazini aje kusikiliza ajenda yako hotelini, mlipe. Mkutano wa mtaa ni wake. Ukilipia wa kwanza, wa pili utabaki na mwenyekiti na feni. Ila usichanganye mambo: usafiri wa mwenye ulemavu si posho, huo lipa bila kubishana.

Dhana: Ushiriki ni kura

Tulichagua wenyeviti wa mitaa na vijiji tarehe 27 Novemba 2024, na uchaguzi mkuu ukaja tarehe 29 Oktoba 2025. Asasi nyingi ziliondoka na masanduku ya kura. Tanga tunasifika kwa "waja leo, waondoka leo", lakini msemo ule haukukusudia kampeni. Kumbe nafasi za kushiriki hazikwishi na kura. Vijijini Muheza na Mkinga, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kukujibu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele vya mtaa hukusanywa miezi mingi kabla. Kampeni ya bajeti inayozinduliwa Juni imechelewa basi.

Hata kwenye kura yenyewe, kinachowakwamisha watu si kutojua umuhimu wake, ni kukosa taarifa moja ndogo. "Kadi ninayo, nijiandikishe tena kwa nini?" Kwa sababu orodha ya wapiga kura ya uchaguzi wa mtaa ni nyingine, si Daftari la Kudumu. Sentensi moja hiyo, ikisemwa wiki ya kujiandikisha, ni bora kuliko semina yako. Ila omba kibali kwanza. Elimu ya mpiga kura haitolewi kiholela: uchaguzi mkuu kibali ni cha Tume ya Uchaguzi, serikali za mitaa ni cha TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa.

Mitandao? Itumie kuwakumbusha walioalikwa. Wanaopenda picha zako wengi wako Dar es Salaam.

Mteja wangu amerudi jana. Andiko jipya lina mtaa mmoja, tarehe moja na mtaro mmoja. Fulana zimeshuka kutoka mia tano hadi thelathini, za waalikaji. Kofia bado tunabishana.