Vimelea vya ndani kwa sikilidi: ni nini, na hutibiwaje

Vimelea vya ndani ni viumbe wanaoishi ndani ya mwili wa samaki, hasa utumboni, wakila kile ambacho samaki angekitumia kukua na kujikinga na maradhi. Sikilidi ni jamii kubwa ya samaki: wamo sato na perege, na wamo samaki wa mapambo kama oska, diskasi na Tropheus wa Ziwa Tanganyika.

Kosa linaloua samaki wengi ni kuviita vyote "minyoo" kisha kumwaga dawa yoyote iliyo karibu. Kuna makundi yanayotofautiana kabisa. La kwanza ni protozoa, yaani viumbe wa seli moja, wenye mijeledi (nyuzi za kuogelea), kama Spironucleus, wasioonekana bila darubini. La pili ni minyoo ya mviringo, kama Capillaria na Camallanus. La tatu ni tegu. Dawa ya metronidazoli huua hao protozoa lakini haigusi minyoo. Levamisoli na fenbendazoli ni za minyoo ya mviringo, na prazikwanteli ni ya tegu.

Dalili ya mwanzo mara nyingi ni samaki kutema chakula alichokidaka. Kisha hukonda mgongo, rangi humwiva nyeusi, hujitenga pembeni, na kinyesi hutoka cheupe chenye ute, kirefu kama uzi. Hata hivyo kinyesi cheupe peke yake si ushahidi, kwa sababu samaki yeyote aliyeacha kula hutoa ute wa utumbo mtupu. Camallanus ndiye anayejionyesha: samaki akitulia, nyuzi nyekundu huchungulia kwenye tundu la haja, akianza kuogelea, hurudi ndani. Mtazame akiwa ametulia, tena kwa subira.

Kwa protozoa, dawa ipitie kwenye chakula. Samaki wa maji yasiyo na chumvi karibu hanywi maji kabisa, maana maji humwingia yenyewe kupitia matamvua na ngozi, kwa hiyo dawa iliyo majini hufika utumboni kidogo tu. Kiwango kinachotumika sana ni gramu 1 ya metronidazoli kwa gramu 100 za chakula, siku 5 mfululizo. Ndiyo maana ni muhimu kuanza mapema, kabla hajasusa kula. Akishasusa, hutiwa kwenye tangi la pembeni lenye dawa miligramu 7 hivi kwa lita, kila siku kwa siku 5. Ondoa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote. Na samaki wa kuliwa na watu asipewe metronidazoli kamwe.

Kwa minyoo ya mviringo, levamisoli hutumika miligramu 2 kwa lita kwa saa 24, taa zikiwa zimezimwa kwa kuwa mwanga huiharibu. Dawa hii hupoozesha minyoo tu, haiiui palepale. Kwa hiyo nyonya uchafu wote wa chini, badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha rudia baada ya wiki 2 hadi 3. Tibu tangi zima, kwani mabuu ya Camallanus huwa yameshasambaa.

Kuhusu kinga, samaki mwenye afya anaweza kubeba Spironucleus wachache bila kudhurika. Wanazaliana kwa wingi pale samaki anapobanwa: msongamano, maji machafu, dume mkali anayemfukuza siku nzima. Chakula nacho kina nafasi yake. Tropheus ana utumbo mrefu wa kusaga mwani, kwa hiyo kumshindilia nyama ni kumtafutia maradhi. Epuka pia tubifeksi (minyoo myembamba inayolishwa samaki) na vijidudu hai vya madimbwini, ambavyo huweza kubeba mabuu ya minyoo.

Samaki mpya akae kwenye tangi la karantini wiki 4 hadi 6, na hapo ndipo pa kumchunguza kinyesi na ulaji wake. Tangi hilo liwe na wavu na mpira wake wa kunyonyea maji, visivyotumbukizwa kwenye tangi kuu.