Taja Mtunzi kwa Sekunde Kumi: Dhana Potofu na Ukweli

Mchezo ni huu: mmoja anashika simu iliyounganishwa na spika, anapiga sekunde kumi za muziki wa klasiki, anazima. Wengine wanataja mtunzi, enzi yake na, wakiweza, jina la utunzi. Sisi hucheza baada ya mazoezi ya kwaya, viti vikiwa bado vimepangwa nusu duara. Nimealika watu wengi, na wengi wamekataa kwa sababu ambazo kila nikizipima naona hazina msingi.

"Ni mchezo wa waliozaliwa na sikio la ajabu."

Watu humaanisha kipaji cha kusikia noti moja na kusema papo hapo kwamba hii ni G au ni A. Wenye kipaji hicho wapo, ila ni wachache, na mchezo huu hauwategemei. Wakati mwingine hata huwapoteza. Rekodi nyingi za Bach zinazopigwa kwa ala za kizamani huweka noti A kwenye hertz 415 (mitetemo 415 kwa sekunde), wakati kipimo cha kawaida leo ni 440. Tofauti hiyo inakaribia nusu toni nzima, kwa hiyo utunzi ulio kwenye ufunguo wa B maina humfikia mwenye sikio hilo kama B bemoli maina.

Kinachotakiwa ni kusikia noti zinavyohusiana, na hapo mwanakwaya wa Afrika Mashariki ana mtaji mkubwa. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, yaani do re mi zinazoandikwa kwa herufi d r m f s l t, na humo do huhama: leo iko G, kesho iko E bemoli, wimbo ukabaki uleule. Aliyejifunza Haleluya ya Handel kwa solfa ameshanoa sikio linalohitajika hapa. Chukua mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, ile iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Kwa solfa ni m m m d, kisha r r r t. Ukikatiwa kwenye zile noti nne za kwanza, huwezi hata kujua kama uko kwenye meja au maina, zile aina mbili kuu za ufunguo, maana m na d zinakaa vizuri kote kuwili. Mwanakwaya analigundua hilo kwa kuimba tu, bila kuambiwa na mtu.

"Lazima uwe umekariri kila kitu."

Hakuna aliyekariri. Joseph Haydn peke yake ana simfoni 104 zenye namba, na kantata za Bach (tungo za waimbaji na ala) zilizobaki ni kama 200. Anayeotea vizuri hupunguza uwanja. Hapsikodi, ile ala ya kizamani inayofanana na piano lakini hudonoa nyuzi, ikichapa akodi chini ya fidla, yuko kabla ya miaka ya 1780 au karibu na hapo. Klarineti zikiingia kwenye okestra, ameshavuka katikati ya karne ya 18. Hata asipopata jina la utunzi, ameshapata nusu ya jibu.

Na sikio hufanya kazi hiyo haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 1999 watafiti walichapisha jaribio ambamo wasikilizaji walipewa vipande vya nyimbo maarufu vya sehemu ya kumi ya sekunde, wakaoanisha vipande na majina vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Kwa muda huo melodi haijaanza. Walichoshika ni rangi ya sauti.

"Ukiitambua melodi, umemaliza."

Hapa ndipo hata wazoefu huanguka, na ndipo ninapoupenda mchezo huu kuliko popote. Piga d m d s, d m s d, taratibu, kwenye nyuzi. Wengi watasema Eroica, simfoni ya 3 ya Beethoven, na wana haki. Lakini karibu noti hizohizo zinafungua opera ndogo ya Mozart iitwayo Bastien und Bastienne, aliyoitunga mwaka 1768 akiwa na miaka 12. Beethoven alizaliwa 1770. Mozart yuko G meja, Beethoven E bemoli meja, jambo ambalo msikilizaji wa solfa hatalihisi. Atakayewatofautisha ni yule anayesubiri kinachofuata: kwenye Eroica selo zinashuka hatua mbili hadi noti isiyo ya ufunguo ule, kama mtu aliyeteleza ngazini, na okestra nzima inasita. Mozart hatelezi. Mpangaji wa mchezo akikata kabla ya noti ile, hajawatendea haki wenzake.

"Programu ya simu itatujibia."

Nyingi ya programu hizo hulinganisha alama za rekodi uliyoisikia na rekodi zilizohifadhiwa. Zinatambua rekodi, si utunzi. Rafiki akiketi kwenye piano akapiga mwenyewe, mara nyingi simu hubaki kimya.

"Jina lililo kwenye jalada ndilo jibu."

Minueti ya G ambayo kila mwanafunzi wa piano huipitia, s d r m f s d d, iliitwa ya Bach kwa miaka mingi kwa kuwa imo kwenye daftari la mkewe, Anna Magdalena, la mwaka 1725. Mtunzi ni Christian Petzold wa Dresden. Simfoni ya 37 ya Mozart ni ya Michael Haydn, mdogo wake Joseph; Mozart aliongeza utangulizi wa polepole tu. Ave Maria inayoitwa ya Caccini ilitungwa na Vladimir Vavilov, Mrusi wa karne ya 20.

Kisha kuna Adagio ya Albinoni. Jioni moja niliipiga, kinanda cha kanisani chini na fidla juu, na dada mmoja wa alto akasema: "Huyu si mtu wa 1700. Fidla zinalia kama za sinema. Ni wa juzi huyu." Tukamwonyesha jina kwenye skrini, tukamnyima pointi. Kumbe Albinoni alifariki 1751, na Adagio hiyo ilichapishwa mwaka 1958 na Remo Giazotto, mwandishi wa maisha ya Albinoni, aliyedai kuijenga juu ya kipande cha karatasi ya zamani. Leo inahesabiwa kuwa utunzi wa Giazotto mwenyewe. Wiki iliyofuata tulimwomba dada radhi, tukamrudishia pointi yake, na mwalimu wa kwaya akachukua daftari la majibu, akakata jina la Albinoni, akaandika Giazotto kwa wino mwekundu.