Maana ya kutiririsha muziki, na kwa nini msikilizaji wa Mwanjelwa hahesabiwi

Neno kutiririsha limetoka kwenye maji. Kitu kikitiririka hushuka mfululizo bila kukatika, kama vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Rungwe kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Katika muziki, kutiririsha ni kusikiliza wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali, ukiletewa vipande vipande kwa njia ya intaneti wakati huohuo unapousikiliza, bila nakala yake kubaki mkononi mwako kama mali yako. Magazeti huandika utiririshaji, vijana husema kustrimu, na wengi hawana neno lolote. Husema tu kwamba wanasikiliza mtandaoni.

Tofauti yake na kupakua ni ile iliyopo kati ya bomba na ndoo. Aliyechota maji kwenye ndoo anayo nyumbani. Bomba likikatwa leo, kesho bado atapika. Anayetegemea bomba hapungukiwi kitu na habebi kitu kichwani, lakini kila anapotaka maji lazima bomba liwe linatoa, na mwenye bomba anasoma mita. Jambo hili la mita ndilo kiini cha dhana nzima, nami nitakaa nalo kuliko mengine.

Kwanza, jinsi chombo kinavyofanya kazi. Wimbo uliorekodiwa hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Unapobonyeza, simu huagiza vipande vya mwanzo, huviweka kwenye akiba ndogo ya muda, kisha huanza kuvicheza huku ikiendelea kuagiza vinavyofuata. Mtandao ukiwa na nguvu, akiba hujaa na msikilizaji hajui kinachoendelea. Mtandao ukidhoofika, programu nyingi huagiza vipande vyenye ubora wa chini ili wimbo usikatike, na akiba ikiisha kabla ya kipande kipya kufika ndipo kile kiduara huanza kuzunguka katikati ya kiitikio. Wimbo wa dakika 4 wenye ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 4, kwa hiyo bando la gigabaiti 1 humaliza nyimbo kama 250. Video ya wimbo huohuo, hata ya ubora wa kati, huweza kula mara tano ya hapo. Zipo programu zinazokuruhusu kuhifadhi nyimbo uzisikilize bila mtandao, lakini hiyo pia si ndoo ya kweli, kwa sababu faili hufungwa ndani ya programu, halichezi mahali pengine, na usipolipia mwezi unaofuata hufungwa kabisa.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1999 programu ya Napster ilianza kuwawezesha watu wa Marekani na kwingineko kubadilishana mafaili ya nyimbo bila kulipa, mahakama zikaizima mwaka 2001, na mwaka 2003 kampuni ya Apple ikafungua duka la kuuza wimbo mmoja mmoja. Spotify, huduma ya kutiririsha muziki, ilianzishwa Sweden mwaka 2006 na kuanza kutoa huduma mwaka 2008. Kwetu, mlango ulifunguka kwanza kwa nyaya: mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapitishwa nchi kavu hadi Mbeya na kufika mipaka ya Zambia na Malawi. Boomplay, programu nyingine ya kutiririsha, ilianza mwaka 2015 ikija tayari imo ndani ya simu za Tecno, ndiyo maana watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa nayo kabla hata ya kuitafuta. Spotify yenyewe ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021.

Sasa mita. Zamani msanii aliuza kitu, yaani santuri, kanda au CD. Mnunuzi akishalipa, hakuna aliyemfuata nyumbani kuhesabu kama ameicheza mara moja au mara elfu. Utiririshaji umeondoa kitu na kuacha hesabu. Kinachouzwa sasa ni kitendo cha kusikiliza, nacho huhesabiwa kwa kanuni zilizowekwa na mwenye huduma. Spotify, kwa mfano, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Kuanzia mwaka 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye mgawo wa malipo ya wenye rekodi. Kila rekodi, ili itambulike, hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12. Kwaya iliyopandisha wimbo bila namba hiyo, au iliyoandika jina lake kwa tahajia tatu tofauti katika albamu tatu, hujikuta imegawanyika kuwa wasanii watatu mbele ya mashine.

Malipo nayo hayaendi kama wengi wanavyodhani. Wengi huamini kwamba ukilipia huduma na kusikiliza kwaya moja tu mwezi mzima, fedha yako huifikia kwaya hiyo. Sivyo, walau katika mfumo uliozoeleka. Ada za waliolipia na fedha za matangazo hutiwa kapu moja, mwenye huduma hukata sehemu yake, na kiasi kilichobaki, ambacho kwa Spotify ni takriban theluthi mbili, hugawanywa kwa kufuata uwiano wa nyimbo zote zilizosikilizwa. Mama wa Tukuyu anayesikiliza kwaya yake mara 40 kwa mwezi na kijana wa Dar es Salaam anayeacha simu ikicheza usiku kucha wamelipa ada ileile, ila kijana ndiye aliyepiga kura nyingi, na sehemu ya fedha ya mama imefuata kura za kijana. Tena kapu la nchi ambayo ada yake ni ndogo na matangazo yake ni ya bei ya chini huwa dogo, hivyo sikio la Mbeya huingiza kidogo kuliko sikio la London kwa wimbo uleule.

Hayo yote ni kweli kwa yule anayetiririsha. Lakini je, Mbeya inatiririsha?

Mwaka jana nilikaa karibu saa nzima kwenye kibanda cha kuweka nyimbo pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikisubiri mvua ipungue. Kijana mwenye kibanda alikuwa na kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka pembeni, spika mbili zilizoelekezwa barabarani, na bakuli la plastiki lenye memori kadi za wateja, kila moja imefungwa kwa kipande cha karatasi chenye jina. Kwenye kompyuta, mafolda yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa: KWAYA MPYA, KWAYA ZA ZAMANI, BONGO FLEVA, SINGELI, ZA ZAMBIA, ZA KINYAKYUSA. Akaja mama mmoja na kiredio chake kidogo, kile cha kuchomeka flashi na memori, akataka ajaziwe kwaya tu, "zile za kuamkia". Kijana hakumwuliza majina. Aliburuta folda zima, akasubiri msitari wa kijani ufike mwisho, akapokea fedha yake, na mama akaondoka na nyimbo mia kadhaa ndani ya kitu kisichozidi ukucha. Memori ya gigabaiti 8 hubeba karibu nyimbo 2,000. Mama yule huenda hatarudi hadi Krismasi.

Nilimwuliza kijana anazipata wapi. Alisema hushusha usiku, bando la usiku likiwa nafuu, akitoa YouTube na kuzigeuza kuwa sauti tupu. Hapo ndipo mahali ambapo mita haisomi. Kwa hesabu ya YouTube, wimbo ule ama ulitazamwa mara moja, ama haukutazamwa kabisa, kwa kuwa ulichukuliwa na programu ya pembeni. Baada ya hapo umeingia kwenye kadi za Mwanjelwa, ukapanda basi la Chunya, ukachezwa dukani Makongolosi, ukarushwa kwa Bluetooth msibani, na hakuna mashine yoyote iliyosikia. Kisheria kazi ya kijana huyu ni kosa, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 haimruhusu kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake. Simtetei. Hata hivyo, mwenye kumlaumu apande kwanza gari kutoka Uyole kwenda Tukuyu akijaribu kutiririsha. Barabara ikizunguka nyuma ya mlima, mtandao hudhoofika, na dereva, ambaye amejifunza zamani, ana flashi yake.

Kwa hiyo, utiririshaji ukielezwa kwa ukamilifu si njia mpya ya kusikiliza tu, bali ni njia mpya ya kuonekana. Anayesikiliza kwa bomba yumo kwenye takwimu, na anayesikiliza kwa ndoo hayumo, hata kama ndiye mpenzi mkubwa wa wimbo. Kwa bahati mbaya takwimu hizo haziishii kwenye malipo. Mwenye ukumbi anayetafuta msanii wa kuleta Iringa kwa tamasha la mwisho wa mwaka huangalia kwanza idadi ya watazamaji, na mfadhili wa sare za kwaya, hata kamati ya harusi, siku hizi nao hufanya hivyo. Msanii naye akifungua ukurasa wake wa takwimu huona wasikilizaji wake wako Dar es Salaam na pengine Muscat na Lusaka, akapanga safari zake na lugha yake kwa kuwafuata hao, wakati kumbe wimbo wake ndio unaoamsha kijiji kizima cha Makete kila alfajiri. Namba hiyo inayoaminiwa hivyo huweza pia kununuliwa, kwa kuwa wapo wanaouza watazamaji bandia kwa maelfu.

Kanuni za mita zimeanza kubadilisha nyimbo zenyewe. Kwaya nyingi za nyanda hizi, za Kimoraviani na za Kilutheri, zilizoea wimbo mrefu wenye kinanda cha kufungulia, ubeti wa besi peke yao, kisha soprano, kisha wote. Wimbo wa dakika 8 huhesabiwa mara moja tu, wakati wimbo wa dakika 2 ungechezwa na kuhesabiwa mara nne katika muda huo. Mpiga ligombo wa Kihehe anayepiga nyuzi zake kwa utulivu kabla ya kufungua kinywa ana hatari ya kurukwa kabla ya sekunde ya 30. Hakuna aliyetoa amri kwamba utangulizi ufupishwe, ila anayejua jinsi ya kulipwa hufupisha, na vijana wa studio za Mbeya huwashauri wateja wao waanze na kiitikio.

Nisiwe kama ninayelia tu. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ya mikoani kwa kawaida ilisafiri hadi Dar es Salaam ili irekodiwe, na hata redio binafsi ziliporuhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993, wimbo ulisikika pale tu mtangazaji alipokubali, tena sote tunajua kukubali huko wakati mwingine kulitanguliwa na bahasha. Sasa wimbo wa Kinyakyusa uliorekodiwa Kyela jioni huweza kusikilizwa Temeke usiku huohuo na mtu aliyeondoka nyumbani miaka 20 iliyopita. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahehe mwaka 1950, na kwa miaka mingi aliyetaka kuusikia alihitaji santuri ambayo Iringa haikuuzwa popote. Leo kijana wa Kihesa mwenye bando anaweza kumsikia mtu wa rika la babu wa babu yake. Bomba lina faida ambayo ndoo haikuwa nayo, kwamba kilichomo ndani yake hakimaliziki dukani.

Kuhusu wale wasiohesabiwa, nchi kadhaa zilikwisha kufikiria jambo hili kabla ya intaneti. Ujerumani ilianza mwaka 1965 kutoza kiasi kidogo kwenye vifaa vya kunakilia, kwa hoja kwamba watu watanakili tu, basi kifaa chenyewe kilipe. Tanzania nayo imeingiza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya namna hiyo. Wazo ni zuri, ila fedha ikishakusanywa lazima igawanywe, na ili igawanywe kwa haki lazima ijulikane ni nyimbo za nani zimenakiliwa. Ukigawa kwa kufuata takwimu za utiririshaji na za redio, unarudisha fedha ya memori kadi kwa walewale walioonekana tayari.

Kwenye kibanda kile cha Mwanjelwa, mvua ilipokaribia kukatika, nilimwuliza kijana ni kwaya zipi huombwa zaidi. Hakufungua kompyuta. Alitaja tatu papo hapo kwa mpangilio, na akaongeza kwamba ile ya pili huchukuliwa sana na watu wa Kyela wakati wa kuvuna mpunga.